Flashi inaonekana tupu? Usifomati kwanza, kuna mipangilio ya kompyuta inayoweza kuokoa kazi yako

Mwanafunzi wa ualimu anaingia steshenari na flashi yake mkononi. Andalio la somo limebaki kuprintiwa tu, na kesho yake asubuhi mkufunzi anakuja darasani kumkagua. Flashi inachomekwa, inafunguliwa, ndani hakuna kitu. Au folda zipo kwa majina yale yale, lakini kila moja ina kimshale kidogo kwenye kona na ukiibonyeza haifunguki. Jibu la haraka pale kaunta linajulikana: "Hiyo flashi imekufa, tuifomati tu."

Hapo ndipo kazi ya wiki tatu inapopotea kweli. Kabla ya hapo, mara nyingi, haikuwa imepotea. Ilikuwa imefichwa.

Mambo kama haya hutokea popote, ila Kabanga ya wilayani Kasulu ni mahali pazuri pa kuyatazama. (Si Kabanga ya nikeli, ile iko Ngara mkoani Kagera.) Kabanga hii ina chuo cha ualimu na ina hospitali ya Jimbo Katoliki la Kigoma, na penye chuo na hospitali hapakosi watu wanaotembea na flashi: maazimio ya kazi, mitihani ya muhula, barua za maombi ya ajira, ripoti za mafunzo kwa vitendo. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, na kabla ya hapo ilikuwa ni majenereta ya dizeli. Hata hivyo, wenye simu janja ni wengi kuliko wenye kompyuta zao wenyewe. Kompyuta ni ya steshenari, ya shule au ya ofisi, na inatumiwa na watu kumi kwa siku.

Kompyuta ya watu kumi haina mwenyewe wa kuipanga. Inabaki ilivyotoka kiwandani, au ilivyoachwa na fundi wa mwisho. Na kompyuta ya Windows, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, inaficha vitu viwili ambavyo mtumiaji angepaswa kuviona: mkia wa jina la faili, na mafaili yenye alama ya kufichwa.

Mkia wa jina ni nini?

Kila faili lina jina na mkia. Faili la Word lina mkia wa .docx, la PDF lina .pdf, picha ina .jpg. Programu inayoweza kuendeshwa, yaani inayofanya kazi mara tu unapoibonyeza, mara nyingi ina .exe. Mkia ndio unaoiambia Windows faili hilo lifunguliwe na programu gani.

Tangu Windows 95 iliyotoka mwaka 1995, Microsoft imekuwa ikificha mikia ya mafaili inayoyajua ili majina yaonekane safi. Wazo lenyewe halikuwa baya. Tatizo ni kwamba picha inayoonekana kando ya jina, ile ikoni, inaweza kuwekwa yoyote na aliyeitengeneza programu. Mtu akitengeneza kirusi, akakipa jina "Picha za mahafali" na ikoni ya folda ya njano, kwenye kompyuta isiyoonyesha mikia utaona folda. Ukionyesha mikia, utaona "Picha za mahafali.exe". Folda haina .exe. Umemkamata.

Mchezo huu ni wa zamani. Mei 2000 barua pepe zilizagaa duniani zikiwa na faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa mkia wa mwisho ulikuwa umefichwa, watu waliona TXT wakadhani ni maandishi ya kawaida, wakafungua, na kirusi kikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yao ya anwani. Kilitengenezwa Ufilipino, kikasumbua ofisi za serikali na makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani ndani ya siku moja.

Kwenye flashi, virusi vilikuwa vinajiendesha vyenyewe mara tu unapochomeka. Microsoft iliufunga mlango huo kwa flashi kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 ikatoa marekebisho kwa Windows za nyuma yake. Waandishi wa virusi wakahamia njia ya kumfanya mtumiaji abonyeze mwenyewe. Kirusi kinayaficha mafaili yako halisi, kisha kinaweka vimshale vyenye majina yale yale. Unabonyeza ukidhani unafungua folda yako, kumbe unakiwasha kirusi.

Kuonyesha mikia na vilivyofichwa

Majina ya vitufe hapa yameachwa kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana kompyuta nyingi zimewekwa kwa Kiingereza.

Kwenye Windows 10, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi E. Linafunguka dirisha la mafaili. Juu yake gusa View. Kwa upande wa kulia kuna visanduku viwili: File name extensions na Hidden items. Weka tiki vyote viwili. Basi.

Kwenye Windows 11, fungua dirisha lile lile, gusa View, shuka hadi Show, utakuta majina hayo hayo mawili.

Windows 7, ambayo bado imo kwenye kompyuta nyingi za mtumba, ina mzunguko kidogo. Fungua folda yoyote, bonyeza kitufe cha Alt ili mstari wa menyu utokee juu, ingia Tools, kisha Folder options, kisha kichupo cha View. Chagua Show hidden files, folders, and drives, halafu ondoa tiki kwenye Hide extensions for known file types. Malizia na OK.

Sasa kuna ngazi ya pili, na ndiyo inayowapiga chenga wengi. Baadhi ya virusi haviyapi mafaili yako alama ya "kufichwa" peke yake. Vinayapa pia alama ya "mali ya mfumo", ile ambayo Windows huyapa mafaili yake nyeti. Faili lenye alama hizo mbili halionekani hata ukiweka tiki ya Hidden items. Mtu anaweka tiki, haoni kitu, anakata tamaa.

Ili kuliona, kwenye Windows 10 ingia View, kisha Options mwisho kabisa kulia. Kwenye Windows 11 gusa vidoti vitatu vilivyo juu, kisha Options. Fungua kichupo cha View, shuka chini utafute maneno Hide protected operating system files, ondoa tiki yake. Kompyuta itakuuliza kama una uhakika, kubali.

Kuokoa flashi yenyewe

Anza na kipimo kimoja rahisi. Fungua This PC, weka mausi juu ya flashi, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Properties. Utaona nafasi iliyotumika na iliyobaki. Kama flashi inaonekana tupu lakini nafasi iliyotumika ni GB 3, mafaili yamo humo. Kama nafasi iliyotumika ni karibu na sifuri, hapo kweli kuna uwezekano yamefutwa, na hiyo ni kazi nyingine ya programu za kurejesha mafaili. Kipimo hiki kinachukua sekunde kumi na kinatosha kumzuia mtu asifomati.

Wenye simu wana njia ya mkato ambayo wengi hawaijui. Nunua ule mkia mdogo wa OTG unaounganisha flashi na simu, chomeka kwenye simu ya Android, fungua programu ya mafaili. Android haijali ile alama ya kufichwa ya Windows. Yenyewe huficha tu mafaili yanayoanza na nukta. Kwa hiyo mafaili "yaliyopotea" kwa kawaida yanaonekana kwenye simu bila kufanya lolote, na kirusi cha Windows hakiwezi kujiendesha humo. Nakili kwenye simu, au ujitumie mwenyewe WhatsApp kama dokumenti, na kazi yako iko salama kabla hata hujaigusa kompyuta. Simu nyingine hazisomi flashi zilizofomatiwa kwa mtindo wa NTFS, lakini flashi nyingi ndogo za dukani ni FAT32 au exFAT na hazina shida hiyo sana.

Ukitaka kuisafisha kwenye kompyuta, utaratibu ni huu. Kwanza piga skani. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua maneno yanayoanza na Scan with Microsoft Defender. Kinga hiyo imo ndani ya Windows, hailipiwi, ila inahitaji kupata taarifa mpya za virusi mara kwa mara kupitia intaneti.

Pili, angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, piga Enter. Linatokea dirisha jeusi. Humo andika mstari huu kama ulivyo, ukibadilisha herufi ya flashi tu:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Piga Enter usubiri. Kwenye flashi yenye mafaili mengi inaweza kuchukua dakika kadhaa, na dirisha litaonekana kama limeganda. Usilifunge.

Ni vizuri kujua umeandika nini, si kukariri kama tunguri. Neno attrib ni la kubadilisha alama za faili. Alama ya kutoa inaondoa: -h inaondoa ile ya kufichwa, -s ya mali ya mfumo, -r ya kusomwa tu. Sehemu ya /s inaiambia iingie mpaka folda za ndani, na /d ihusishe folda zenyewe. Amri hii haifuti faili lolote. Lakini usikosee herufi ukaandika C, maana C ndiyo nyumba ya Windows yenyewe, na huko alama hizo zina kazi yake.

Ikimaliza, fungua flashi. Folda zako zitakuwa zimerudi pembeni ya vile vimshale. Wakati mwingine hutaona folda zako, utaona folda moja isiyo na jina. Usiifute! Virusi vya aina fulani huhamishia mafaili yote ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu. Ifungue, vitu vyako vimo humo.

Nakili dokumenti na picha zako tu kwenda mahali safi. Usinakili kimshale, wala chochote chenye .exe, .vbs au .lnk usichokijua. Ukishahakikisha nakala zinafunguka, sasa ndiyo ufomati flashi. Mpangilio ni nakala kwanza, fomati baadaye. Kule kaunta mara nyingi unageuzwa.

Kuna dalili moja ya kuangalia kwa makini. Kama mafaili yametokea, halafu baada ya sekunde chache yamejificha tena mbele ya macho yako, mgonjwa si flashi. Ni kompyuta. Kirusi kiko hai ndani yake na kinafanya kazi muda huo huo. Chomoa flashi utafute kompyuta nyingine, na mwenye kompyuta aambiwe, kwa sababu kila flashi itakayochomekwa hapo itaondoka nacho kwenda chuoni, hospitalini, mpaka kwenye shule ya kijiji ambako mwalimu huyo amepangwa.

Baada ya kazi, rudisha tiki kwenye Hide protected operating system files. Ukiiacha wazi, watu wataanza kukutana na vitu kama desktop.ini na System Volume Information, wataviona uchafu, na mmoja atavifuta. Ila ile ya mikia ya majina iache imewashwa moja kwa moja. Usumbufu wake ni mmoja tu: unapobadilisha jina la faili kwa F2, usiuguse mkia. Ukiufuta kwa bahati mbaya, faili halitafunguka hadi uurudishe.

Mtihani wa muhula na orodha ya mafaili ya karibuni

Hapa kuficha kunageuka kuwa jambo jema.

Mwalimu anapeleka mtihani wa muhula steshenari uchapwe. Anasimama hapo hapo, unachapwa, unaprintiwa, faili linahamishiwa kwenye flashi yake na kufutwa kwenye kompyuta. Anaondoka ameridhika. Dakika ishirini baadaye anaingia mwanafunzi wake kutoa kopi ya cheti, anatupia jicho skrini, na kwenye dirisha la mafaili, penye orodha ya vilivyofunguliwa karibuni, jina la mtihani limo. Faili linaweza lisifunguke kwa kuwa flashi imeshaondoka. Lakini kama lilihifadhiwa kwanza kwenye dekstopu na bado limo kwenye pipa la taka, basi ni mibonyezo miwili tu.

Hospitali nako ni vile vile: barua ya rufaa, jina la mgonjwa, namba ya NIDA ya mwombaji wa ajira. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayekusanya na kutunza taarifa za watu, na mwenye kompyuta ya biashara asijione yuko nje ya mazungumzo hayo.

Kuzima orodha hiyo, rudi kwenye dirisha la Options, kichupo cha General. Chini penye Privacy, ondoa tiki kwenye Show recently used files na Show frequently used folders, kisha gusa Clear. Juu kabisa penye Open File Explorer to, chagua This PC. Kuanzia hapo dirisha litafunguka kwenye orodha ya diski na flashi, si kwenye mafaili ya mteja aliyetangulia.

Word ina orodha yake. Ingia File, Options, Advanced, shuka hadi Display, na penye Show this number of Recent Documents weka 0. Wengi hufanya la kwanza wakasahau hili, na hili ndilo linaloonekana zaidi maana Word ndiyo inayofunguliwa kutwa nzima.

Faili la mteja lifutwe kwa Shift na Delete pamoja, ili lisipitie pipa la taka. Na aliyefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ya steshenari ili atoe dokumenti, asiondoke kabla ya kuingia kwenye simu yake, sehemu ya Linked devices, na kuiondoa kompyuta hiyo. Kufunga dirisha tu hakutoshi.

Ule mstari wa chini

Upau wa kazi, wengi wanauita taskibaa, ni ule mstari wa chini wenye kitufe cha Start, programu zilizo wazi, na saa. Nao ulikuja na Windows 95. Kwenye kompyuta ya watu wengi ndio wa kwanza kuharibika, na "kuharibika" kwake karibu kila mara si uharibifu.

Ukihamia upande wa kushoto au juu kwenye Windows 10, mtu ameuburuta. Bonyeza kitufe cha kulia juu yake, ingia Taskbar settings, na penye Taskbar location on screen chagua Bottom. Kisha weka Lock the taskbar iwe On, usiburutwe tena. Ukipotea na kurudi unaposogeza mausi chini, kuna tiki ya Automatically hide the taskbar, iondoe. Ukipotea moja kwa moja pamoja na ikoni zote za dekstopu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta Windows Explorer kwenye orodha, ichague, kisha Restart. Skrini itapepesa mara moja na vitu vyote vitarudi. Fundi anayekutoza hela kwa hili amekutoza kwa mibonyezo mitatu.

Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 iliondoa uwezo wa kuuhamishia juu au pembeni, na ikaweka vitufe katikati. Walioshazoea kona ya kushoto waingie Taskbar settings, Taskbar behaviors, penye Taskbar alignment wachague Left. Kuna na upau mdogo wa njia za mkato ambao Windows 10 iliuruhusu uongezwe kwenye mstari huo kupitia neno Toolbars. Windows 11 haikuja nao. Badala yake bandika programu moja moja: ifungue, bonyeza kitufe cha kulia kwenye ikoni yake, chagua Pin to taskbar. Kwa steshenari zinatosha nne: mafaili, Word, kivinjari, na programu ya skana. Ikoni kumi na tano zilizopangana pale chini hazimsaidii mtu, zinampotezea macho.

Kwa anayetumia bando la simu kwa kugawa hotispoti, kuna la kuzima haraka. Mwaka 2021 Windows 10 iliongezewa kisanduku cha hali ya hewa na habari upande wa kulia, kinachovuta intaneti chenyewe. Bonyeza kitufe cha kulia kwenye mstari, News and interests, kisha Turn off. Kwenye Windows 11 kinaitwa Widgets, na kinazimwa ndani ya Taskbar settings.

Upande wa saa, hakikisha ikoni ya kuchomoa flashi kwa usalama inaonekana muda wote na haijajificha nyuma ya kile kimshale cha juu. Kwenye Windows 10 ni ndani ya Taskbar settings, Select which icons appear on the taskbar. Kwenye 11 ni Other system tray icons. Umeme ukikatika faili likiwa linaandikwa kwenye flashi, au flashi ikichomolewa kwa nguvu wakati huo, faili linaweza kuharibika kabisa, na huko attrib haifiki. Ndiyo maana ni bora kufanyia kazi faili lililo kwenye kompyuta, kisha kulinakili kwenye flashi ukimaliza.

Na itazame saa yenyewe. Ikionyesha mwaka 2009 kila kompyuta inapowashwa, kibetri kidogo cha ndani kimekwisha. Tarehe ikiwa si sahihi tovuti nyingi zitakataa kufunguka, watu wakalaumu mtandao.

Andalio lipi ndilo la mwisho?

Flashi ya mwanafunzi ina "andalio", "andalio mpya", "andalio final" na "andalio final2". Nyuso za ikoni kubwa hazisemi lolote. Ndani ya folda gusa View, chagua Details, kisha gusa juu ya neno Date modified mpaka tarehe ya karibuni ije juu. Hilo ndilo la mwisho. Ukitaka kila folda ya aina hiyo ionekane hivyo, ingia Options, View, Apply to Folders. Kama saa ya kompyuta ni ile ya 2009, bila shaka, tarehe zitadanganya nazo.

Kiswahili kipo, na Windows 10 imeshastaafu

Majina yote haya ya Kiingereza si lazima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na Microsoft ina kifurushi cha lugha ya Kiswahili kwa Windows. Kwenye Windows 10 kinapatikana Settings, Time & Language, Language, kisha Add a language, utafute Kiswahili. Shida yake kwenye kompyuta ya umma ni moja: aliyefundishwa kwa kukariri View na Options atapotea siku ya kwanza, na maelekezo mengi ya YouTube hayatalingana na skrini yake. Kwa mtoto anayeanza upya, hiyo si shida hata kidogo.

Jingine ni umri. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama Januari 2020. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, zinaendelea kufanya kazi, ila mianya mipya haizibwi kama zamani, kwa hiyo ile tiki ya mikia ya majina inazidi kuwa na kazi.

Mashine isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kuwekewa Linux kama Ubuntu au Mint, bure. Huko flashi yenye kirusi cha Windows inafunguka kama ilivyo kwenye simu: mafaili yaliyofichwa yanaonekana yenyewe, na .exe ikibonyezwa haijiendeshi. Mafaili yanayofichwa na Linux ni yale yanayoanza na nukta tu, na kuyaona ni Ctrl na H. Steshenari yenye kompyuta mbili inaweza kuiacha moja ya zamani kwa kazi hiyo pekee: kila flashi ya mteja ipite hapo kwanza.